Taa Tulizozikariri Voi

Mwezi uliopita waliniaga kwa chai, mandazi na hotuba ndefu. Wakanipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye hatakiwi tena kuwahi popote. Kisha vijana wa ofisini wakaniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya reli. Nilikubali. Vyeo sitaviandika, viko kwenye faili na anayevitaka akavisome huko. Mishahara pia sitaitaja. Mke wangu anaijua, na lawama zake zinanitosha.

Nilikusudia kuandika habari nyepesi za kuwachekesha. Lakini juzi mpwa wangu, ambaye anasomea kuongoza ndege, alipanda mlima wa Sagalla, nyumbani kwetu, kunisalimu. Akaniambia kwamba maswali ya mtihani wao yalijulikana kabla ya siku yenyewe, na kwamba darasa zima limefaulu. Alikuwa anacheka. Akanywa chai yangu, akacheka tena. Mimi sikucheka. Kwa hiyo mnisamehe, kalamu niliyopanga kuishika kwa furaha nimeishika kwa hasira.

Niliingia reli katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Siku ya kwanza niliteremka kutoka Sagalla alfajiri, viatu nimevining'iniza shingoni visije vikachakaa njiani, nikavivaa nilipoiona stesheni ya Voi. Wenzangu wengi walikuwa wamefanya vivyo hivyo. Tulikuwa tumesimama kwenye vumbi jekundu, kila mmoja na viatu safi vinavyombana.

Darasa letu lilikuwa behewa bovu lililoegeshwa mwisho wa yadi. Kufikia saa nne asubuhi bati lake lilikuwa limeshika moto, ukiliegemea unaruka. Humo ndimo tulimofundishwa kuwa watu wa ishara: kupokea treni na kuiruhusu iende, kugeuza pointi, yaani zile reli zinazosogezwa ili treni ihamie njia nyingine, na kuonyesha na kusoma taa. Nyeupe, kijani, nyekundu. Mtoto anaweza kuzitaja. Lakini anayezisoma vibaya anaua watu ambao hata hawamjui.

Mwalimu wetu aliitwa Ezra. Alikuwa mtu mtanashati, kaptura imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, sauti nzuri ya kanisani. Tulimwogopa na kumpenda. Kwa wiki za kwanza alitufundisha vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Halafu siku moja akafunga mlango wa behewa, akasema, "Sasa tuache maneno mengi. Tujifunze kufaulu."

Mkaguzi aliyekuja kutahini alikuwa Mzungu asiyejua Kiswahili isipokuwa maneno ya kuitisha chai. Kwa miaka mingi alikuwa akiuliza maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule. Hata taa, alizoziinua kwenye giza la behewa lililofungwa madirisha kwa blanketi, aliziinua kwa mfuatano ambao haukubadilika. Si kwa ubaya. Alikuwa amechoka na joto la Voi na alitaka kuwahi treni ya kurudi Nairobi. Mwalimu Ezra alikuwa ameushika mfuatano huo wote. Akawa anagonga meza kwa rula, nasi tunaitikia kama watu wa kwaya: "Nyekundu, kijani, kijani, nyeupe, nyekundu, nyekundu, kijani!"

Niliinua mkono. "Mwalimu, na mwaka huu akibadilisha?"

"Hajabadilisha."

"Lakini tukifika kazini, treni hazitafuata mpangilio huu."

Darasa likacheka. Mwalimu Ezra hakucheka. Alisema, "Nathani, wewe unataka kazi au unataka ubishi?" Kisha akagonga meza, wimbo ukaendelea.

Wapo watakaosema tulikuwa vijana maskini chini ya serikali ya wakoloni, na kuudanganya mtihani wa Mzungu ilikuwa namna ya kujitetea. Nimeyasikia maneno hayo miaka yote, na hayajawahi kuniingia. Waliopanda treni daraja la tatu walikuwa mama zetu. Mtihani ule haukuwekwa kwa faida ya Mzungu.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa mwalimu. Alikuwa Mzee Athumani, mtu wa pointi, mwenyeji wa pwani ambaye alikuwa ameishi Voi kwenye landhi ya reli, zile nyumba za wafanyakazi, kwa muda mrefu na mkewe, Bi Mwanaidi. Jioni, darasa likiisha, yeye alitukaribisha pembeni ya kibanda chake. Kwake taa ilikuwa kama mgonjwa anayehitaji kuuguzwa. Utambi ukatwe sawasawa, usiache ncha, la sivyo utatoa moshi. Kioo kisuguliwe kwa jivu laini kisha gazeti. Mafuta yanuswe kwanza, maana dukani walipenda kuyaongeza maji. "Taa chafu ni neno la uwongo," alisema. "Waionyesha nyekundu, mwenzio aiona kitu chengine."

Rafiki yangu mkubwa darasani, Mwadime, alitoka Mwanda, juu milimani. Alikuwa mwepesi wa mikono, mwimbaji, mtu wa kukugawia nusu ya kiazi chake bila kuombwa. Jioni moja Mzee Athumani alitutaka tumsomee taa akiwa mwisho wa njia. Jua lilikuwa limetua, mwanga umebaki kidogo tu. Akainua taa.

"Kijani," akasema Mwadime.

Nilidhani anatania, maana ilikuwa nyekundu kama kaa la moto. Mzee akaigeuza.

"Nyekundu," akasema Mwadime, na sasa ilikuwa kijani.

Mzee Athumani akarudia mara nyingine, kisha nyingine. Mwadime alikisia, akapata, akakosa, akapata. Mzee akaja polepole hadi tulipokuwa, taa imeshuka ubavuni mwake. "Mwanangu," akamwambia, "wazijua rangi hizi?"

Mwadime akatazama viatu vyake. "Nazijua kwa majina, mzee."

Taa yake mwenyewe aliweza kuiendesha bila shida, kwa sababu kifundo cha kugeuzia kioo unakisikia kwa vidole. Aliweza kuonyesha rangi yoyote utakayo. Ila kuisoma ya mtu mwingine, kwake nyekundu na kijani zilikuwa kitu kimoja. Tukiwa tunarudi alinishika mkono. "Nathani, usiniharibie. Kule Mwanda shamba letu tumelikata vipande mpaka hakuna kinachobaki cha kukata. Nikirudi bila kazi nitamwambia nini mama?"

Kesho yake Mzee Athumani alinichukua tukaenda kwa Mwalimu Ezra. Mzee aliongea kwa adabu, kofia mkononi. "Mwalimu, kijana huyu ni mzuri, mwenye bidii. Lakini macho yake hayazitengi rangi. Si kosa lake, ndivyo alivyoumbwa. Reli ina kazi tele. Mpelekeni stoo, mpelekeni karakana. Taa asishike."

"Mzee Athumani," mwalimu akajibu, "wewe ni mtu wa pointi. Mambo ya darasa niachie mimi. Nitalishughulikia."

Alilishughulikia kweli. Alimweka Mwadime mstari wa mbele na kumgongea rula mpaka wimbo ukawa ndani ya damu yake. Kwa nini alifanya hivyo? Hakuchukua hongo, nina hakika. Alitaka darasa lisilo na hata mmoja aliyeanguka. Mwalimu wa darasa kama hilo hupigwa picha na wakubwa.

Siku ya mtihani tuliingia behewani wawili wawili, mimi na Mwadime pamoja. Giza, joto la kuoka mkate, mkaguzi upande wa pili anahema. Mwalimu Ezra alisimama kando yake kama mkalimani. Mwadime akaanza. Alikariri vizuri sana, vizuri kupita kiasi. Hofu ilimtia haraka, na kabla taa ya nne haijainuliwa yeye alikuwa ameshaitaja. "Nyeupe!" alisema, gizani, mbele ya kitu ambacho hakipo. Kisha taa ikainuka: nyeupe.

Mkaguzi akacheka. Mwalimu akatutafsiria kwa furaha: "Bwana Mkaguzi anasema kijana huyu ana macho makali kuliko wote."

Zamu yangu ilipofika, nilisema kwa sauti, "Mwalimu, mwombe Bwana Mkaguzi abadilishe mpangilio wa taa."

Mwalimu Ezra alimgeukia, akasema maneno machache. Kiingereza changu cha shule ya misheni kilikuwa kidogo, lakini kilitosha kumsikia akimwambia mkaguzi kwamba namshukuru kwa kuja Voi. Nikajaribu kusema mwenyewe, kwa ulimi unaokwama. Mkaguzi akatazama saa yake na kuinua taa ya kwanza. Nyekundu. Nilizitaja zote kwa macho yangu, ingawa nani angejua tofauti? Majibu yangu na ya Mwadime yalikuwa sawa neno kwa neno.

Tukafaulu sote. Picha ikapigwa mbele ya behewa, Mwalimu Ezra katikati. Haukupita muda akahamishiwa chuo kikubwa zaidi, akafundishe wengi.

Mimi na Mwadime tulibakizwa yadi ya Voi, chini ya Mzee Athumani. Mzee akaenda kwa stesheni masta kumweleza habari ya macho ya Mwadime. Stesheni masta alikuwa mtu mpole lakini mwoga wa makaratasi. Alisema, "Cheti kinasema amefaulu. Mimi nani nikatae cheti?" Basi tukapanga wenyewe. Mchana Mwadime alifanya kazi za karibu, kufunga mabehewa na kubeba minyororo. Kukiwa na giza taa nilishika mimi. Mpango huo ulikwenda vizuri kwa muda mrefu, na Mwadime alifanya kazi ya watu wawili, kama mtu anayelipa kitu.

Lakini miaka ile watu walikuwa wakiondolewa kazini kwa makundi. Wenzetu wengi kutoka bara walishukiwa kuwa Mau Mau, wakakamatwa na kupelekwa kizuizini, na yadi ikabaki na watu wachache. Alfajiri moja stesheni masta akatugawa upya. Mimi nikapelekwa kwenye mabehewa ya mkonge, upande wa jukwaa. Mzee Athumani akawa kwenye pointi. Katikati ya Mzee na treni inayoingia, pale njia inapopinda, palihitajika mtu wa kusoma taa ya Mzee na kumpelekea dereva habari hiyo hiyo kwa taa yake. Hapo akawekwa Mwadime.

"Stesheni masta, niweke mimi pale," nilisema.

"Kila mtu hapa ana cheti, Nathani. Nenda kwa mkonge wako."

Treni ya Taveta ilikuja kabla ya jua. Ilikuwa imebeba mizigo na abiria, akina mama wenye ndizi na mahindi waliokuwa wakienda kuuza Mombasa. Ilisimama nje ya stesheni ikingoja ruhusa. Kwenye pointi, behewa moja lilikuwa limekwama, mkia wake umeingia kwenye njia ambayo treni ingepita. Mzee Athumani aliiweka taa yake chini, imeelekea kwa Mwadime, akaanza kulisukuma gurudumu lake kwa mtaimbo.

Kutoka nilipokuwa niliziona taa zote mbili. Ya Mzee ilikuwa nyekundu, safi, kioo kimesuguliwa kwa jivu kama desturi yake. Na ya Mwadime ikawaka kijani.

Sikumbuki kudondosha mzigo. Nakumbuka kukimbia kwenye kokoto nikipunga taa yangu nyekundu, nikimwita dereva, nikimwita Mzee, nikimwita Mwadime, majina yote kwa pamoja. Treni ilikuwa imeshaanza kutambaa. Dereva aliniona alipomaliza kona. Breki zikalia, abiria wakaanguka juu ya ndizi zao, na injini ikaligusa lile behewa taratibu tu, kama mtu anayesukuma mlango. Mguso huo ulitosha. Behewa likarudi nyuma, nalo likamkuta Mzee Athumani akiwa bado ameinama.

Hakuna abiria aliyekufa. Mzee alikatwa mguu hospitalini, chini ya goti. Mwadime alikuwa ameketi kwenye reli, taa ya kijani mapajani, akiniuliza kila nilipopita, "Ilikuwa nyekundu? Nathani, ilikuwa nyekundu?"

Likafuata baraza la uchunguzi. Wakubwa walikaa kwenye ofisi ya stesheni, feni inazunguka, na Mwalimu Ezra akaletwa kwa treni, suti ya kijivu, kutoa ushahidi. Akaulizwa kama Mwadime alitahiniwa macho. "Alifaulu kuliko wote," akasema. "Bwana Mkaguzi mwenyewe alimsifu." Mkaguzi, aliyekuwa ameketi hapo, akatikisa kichwa kukubali.

Mimi nilieleza yote: rula, wimbo, taa iliyotajwa kabla haijainuka. Mwalimu Ezra alisikiliza kwa huruma. Kisha akawaambia wakubwa kwamba Nathani alikuwa mwanafunzi mgumu tangu mwanzo, mwenye wivu kwa wenzake. Nikaona wanaandika hilo.

Mazungumzo yakaanza kuelekea pabaya. Ikiwa Mwadime ana macho makali kuliko wote na aliona kijani, basi taa ilikuwa kijani. Aliyeiweka ni Athumani. Athumani ni mzee, pengine alichanganyikiwa. Athumani yuko hospitalini, hawezi kujibu. Nilitazama yale maneno yakipita mezani kwa upole, kutoka mkubwa hadi mkubwa, na nikajua kwamba mtu aliyepoteza mguu sasa atapoteza jina lake, na Bi Mwanaidi atatolewa landhi na sufuria zake.

Walipopumzika kunywa chai, niliwaona Mwalimu Ezra na Mwadime nje, chini ya tangi la maji. Nikasogea.

"Usiogope," mwalimu alikuwa akimwambia. "Sema uliona kijani. Si uwongo. Si kweli uliona kijani?"

Mwadime alimwacha hapo, akaenda mlangoni mwa ofisi kungoja kuitwa.

Waliporudi ndani wakamwita. Akasimama, mikono imenyooka, kama siku ya mtihani. Mkubwa wa baraza akauliza kupitia karani, "Uliona taa ya rangi gani?"

"Niliona taa, bwana. Rangi sijui."

"Hujui kwa sababu ya ukungu?"

"Hakukuwa na ukungu. Sijui kwa sababu sijawahi kujua. Tangu nizaliwe." Akageuka kidogo, akamnyooshea kidole Mwalimu Ezra. "Huyu anajua. Mzee Athumani alimwambia, na Nathani alikuwepo. Leteni taa, mkitaka. Msizipange kama alivyozoea yule bwana."

Wakaleta taa. Wakafunga madirisha. Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuyatazama, mtu mzima akikosea kitu ambacho watoto wanakijua, mara kwa mara, mbele ya watu, kwa hiari yake. Mkaguzi alikuwa akitazama dari. Madirisha yalipofunguliwa, Mwadime alikuwa analia bila sauti, na Mwalimu Ezra alikuwa anapangusa miwani.

Sasa niwaambie jinsi haki ilivyogawanywa. Mzee Athumani alisafishwa jina, akastaafishwa. Mwadime alifukuzwa kazi na kufungwa miezi kadhaa kwa kuhatarisha maisha ya abiria. Mkaguzi alikwenda kwao likizo. Na Mwalimu Ezra? Alipewa onyo. Baadaye alipanda cheo, na miaka mingi baadaye nilikaa kwenye ukumbi wenye mapazia nikimsikiliza akihutubia juu ya usalama kazini. Watu walipiga makofi. Mimi niliikalia mikono yangu.

Hasira hiyo sijaiacha, na simwombi mtu anisaidie kuiacha. Mwadime alidanganya kwa sababu ya njaa, na alipoulizwa alisema kweli iliyompeleka jela. Yule aliyemfundisha kudanganya alikuwa ameshiba, na hakusema kweli hata kwa bahati mbaya. Nyinyi mnaofundisha sasa, mnaogawa majibu mkiita huruma, hamumsaidii kijana. Mnamweka gizani na taa mkononi, halafu nyinyi mnapanda treni nyingine.

Mwadime alipotoka jela hakwenda kwao moja kwa moja. Alinijia Voi, amekonda, akaniomba nimsindikize kwa Mzee Athumani, ambaye alikuwa akifunga vitu vyake kurudi pwani. Tulimkuta uani, ameketi kwenye kiti, gongo kando yake. Bi Mwanaidi alikuwa anafunga magodoro kwa kamba. Alipomwona Mwadime aliacha kamba, akasimama kama mtu anayengoja kuambiwa amfukuze.

Mwadime alipiga magoti mchangani. "Mzee, sina la kusema."

"Basi usiseme." Mzee alisogeza gongo lake. "Nataka kukuuliza. Kabla yangu mimi, ni nani aliyejua habari ya macho yako?"

"Mama."

"Alijuaje?"

"Tulikuwa tukichuma nyanya. Nilichuma mbichi na mbivu pamoja, ndugu zangu wakanicheka. Tangu siku hiyo mama alikuwa akinipa kazi ya kubeba kikapu. Kuchuma alichuma mwenyewe."

Mkono wa Mzee Athumani uliteremka pale ambapo mguu ulikuwa, ukakuta suruali iliyokunjwa, ukarudi juu.

"Mamako alijua, akakupa kikapu," akasema. "Mwalimu wako alijua, akakupa taa."

Hakusema amemsamehe, wala Mwadime hakuomba. Nilisikia treni ya mizigo ikiingia, nikajua natakiwa kazini, lakini sikuondoka. Bi Mwanaidi akaingia ndani, akarudi na kiti cha pili, kilichokuwa kimeshafungwa kamba kwa safari, akakiweka mbele ya Mwadime, akaanza kukifungua.